Boila Haina Kitabu: Kwa Nini Nataka Injini ya Mvuke Itembee Tena Mombasa

Leo nataka kuandika kuhusu boila. Najua mtu akitaja treni za zamani za Mombasa kwenda bara, akili za wengi huenda moja kwa moja kwa simba wa Tsavo waliokula wajenzi wa reli, na hiyo ni hadithi kubwa kweli, lakini imeshasimuliwa sana. Kilichonishika mimi ni lile pipa la chuma lililolala juu ya magurudumu, manake kazi yote ya kufufua injini ya mvuke inaanzia hapo na mara nyingi inakwama hapo hapo. Rangi waweza kupaka wiki moja ukamaliza. Shaba waweza kusugua mpaka ujione uso. Boila ndio itakayokwambia kama ulicho nacho ni injini ama ni pambo la kupigia picha.

Babu yangu mzaa mama alikuwa fayaman, yule wa kuangalia moto na maji ya injini, na mengi ninayoyaandika hapa nimeyapata kwake na kwa wenzake waliokuwa wakija kumtembelea pale Changamwe jioni, wakikaa barazani na kahawa tungu, mazungumzo yao yakianza na habari za misikiti na bei za samaki lakini yakiishia relini kila siku. Mimi nlikuwa mdogo, nasikiza tu. Baadaye nlipokua nikaanza kusoma na kuuliza, na nikagundua kwamba yale waliyokuwa wakiyasema kwa wepesi vile, kuna nchi tajiri leo zinayatafuta kwa tochi na haziyapati.

Kwanza tuelewane boila ni nini. Ni ngoma kubwa ya chuma imejaa maji, nyuma yake kuna chumba cha moto, fayaboksi, ambacho chenyewe kimezungukwa na maji juu na ubavuni, na kutoka pale moto unapita ndani ya mabomba mengi yaliyolala katikati ya maji mpaka mbele kwenye bomba la moshi. Maji yanachemka, mvuke unakusanyika juu, unabanwa, halafu unaachiliwa kidogo kidogo kwenda kusukuma pistoni. Ukisikia injini inapumua chu-chu-chu, kila pumzi ni mvuke uliomaliza kazi kwenye silinda unatoka, na ukitoka unavuta hewa nyuma yake kupitia kwenye moto, kwa hivo injini ikifanya kazi zaidi moto nao unawaka zaidi. Yaani mashine inajipulizia moto yenyewe. Nlipoelewa jambo hili nlikaa kimya muda mrefu, nikaona watu waliobuni kitu hiki miaka ya nyuma kabisa walikuwa na akili ya ajabu.

Sasa hatari yake. Juu ya fayaboksi lazima kuwe na maji wakati wote, hata dakika moja yasipungue, kwa sababu ni maji ndio yanayokizuia kile chuma kisilainike kwa moto. Maji yakishuka chuma kinakuwa chekundu, kinapoteza nguvu, na presha iliyoko juu inakisukuma ndani. Kinachofuata ni mlipuko. Ndio maana kunawekwa plagi zenye madini ya risasi kwenye dari ya fayaboksi, maji yakipungua risasi inayeyuka, mvuke unaingia kwa nguvu kwenye moto na kumuonya fayaman. Babu alikuwa akisema fayaman aliyeyeyusha plagi hapati usingizi mwaka mzima, kwa aibu, hata kama hakuna aliyeumia. Na ile injini ya mwisho aliyofanyia kazi, presha yake ilikuwa pauni 225 kwa kila inchi ya mraba. Hapo ndipo mtu anasimama, mbele ya kitu hicho, kwenye joto la Mombasa, anatazama kioo cha maji.

Injini yenyewe ilikuwa ya daraja la 59. Nitaisema hii kwa urefu kidogo, mnivumilie, manake naipenda. Zilitengenezwa 34, na kampuni ya Beyer, Peacock kule Gorton, Manchester, zikaletwa Afrika Mashariki 1955 na 1956. Ni aina inayoitwa Garratt, kutokana na Herbert William Garratt, injinia Mwingereza aliyepata wazo la kuweka boila katikati, ikining'inia baina ya injini mbili, moja mbele moja nyuma, kila moja na magurudumu yake na silinda zake, na zote mbili zinajipinda kwenye kona kivyake. Kwa sababu boila haikai juu ya magurudumu makubwa, unaweza kuifanya nene unavyotaka na fayaboksi pana unavyotaka. Reli yetu ya zamani upana wake ni mita moja tu baina ya chuma na chuma. Boila ya 59 kipenyo chake kilikuwa zaidi ya mita mbili na robo. Fikiria hilo. Urefu wa injini nzima zaidi ya mita 31, uzito tani 250 na ushee, na ilikuwa ndio injini ya mvuke yenye nguvu kuliko zote duniani kwenye reli ya mita moja. Hii yetu. Ya hapa Mombasa.

Na ilihitajika, manake ukitoka kisiwani ni kupanda tu. Kutoka usawa wa bahari, Changamwe, Miritini, Mazeras, Mariakani, unaingia nyika ya Taru ambako maji hakuna, Mackinnon Road, Voi, Tsavo, Mtito Andei, Makindu, mpaka Nairobi ambako uko zaidi ya mita 1,600 juu. Injini moja ya 59 ilivuta mzigo wa tani 1,200 kwenye mlima huo. Zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na kuna jambo hapa linalonigusa: zilizobaki leo ni mbili tu, zote ziko Nairobi kwenye makumbusho ya reli, 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Gelai uko kando ya ziwa Natron, Shengena uko Upare. Milima yote miwili ni ya Tanzania. Zilipobandikwa majina yale reli ilikuwa moja, Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja, shirika moja lililoanza 1948 na kuvunjika 1977. Dereva wa Mombasa alikuwa na wenzake Tanga na Kampala wanaojua mashine zile zile kwa namba.

Turudi kwa moto. 59 haikula makaa ya mawe wala kuni, ilikula mafuta mazito, yale meusi ambayo yakipoa hayatiririki. Kwanza lazima yapashwe moto ndio yakubali kupita, halafu kwenye mdomo wa bana, kile kichomeo chenyewe, yanapigwa na mvuke yakageuka ukungu, na ukungu huo ndio unaoshika moto. Sasa ona tatizo, kuwasha mafuta unahitaji mvuke, na mvuke huna mpaka uwashe. Kwa hivo injini baridi huanzishwa kwa kuni mpaka ipate mvuke wake kidogo, ama inaazimwa mvuke na injini nyingine iliyo moto. Na haraka hairuhusiwi. Boila kubwa kama ile ukiipasha kwa pupa, chuma cha juu kinapanuka kabla cha chini hakijapanuka, mabomba yanaanza kuvuja kwenye mashina yake, na umejitafutia kazi ya wiki nzima. Watu walikuwa wakiiwasha leo ili ifanye kazi kesho.

Njiani fayaman anacheza na vitu vitatu, mafuta, hewa na maji, na jicho lake liko kwenye moshi. Moshi mweusi tii, mafuta yanapotea na mabomba yanajaa masizi. Moshi ukikosekana kabisa, hewa imezidi na boila inapoa. Unautaka ule wa kijivu mwepesi, unaonekana na hauonekani. Dereva akifungua zaidi mlimani, fayaman lazima aongeze moto pamoja naye, si baada yake. Na masizi yakizidi kuna dawa: wakati injini inavuta kwa nguvu fayaman anachota mchanga mkavu, anautupa kwenye tundu la fayaboksi, ule mvuto unaunyakua na kuupitisha ndani ya mabomba yote yakasuguliwa, na nyuma inatoka moshi mweusi mkubwa kwa muda halafu anga linasafika. Nlimuuliza babu kiasi gani cha mchanga, akaniambia, "Mpaka uisikie imefurahi, mjukuu wangu." Nikamwambia babu hiyo si kipimo. Akasema ndicho kipimo chenyewe.

Hapo ndipo penye kiini cha yote ninayotaka kusema. Vitabu vya kutengeneza injini hizi vipo, michoro ipo, vipimo vipo. Lakini kuna kiasi fulani cha ujuzi ambacho hakikuandikwa kwa sababu hakuna aliyefikiria kinaandikika. Kilihamishwa mkono kwa mkono, fayaman mkongwe akisimama nyuma ya kijana, na ule mnyororo ulikatika kufikia 1980 hivi, injini za mwisho za 59 zilipoondolewa kazini dizeli zikachukua njia yote. Waliokuwa vijana wakati ule leo ni wazee sana. Ukihuisha chuma bila wao, utapata mashine ambayo kila mtu anaiogopa.

Mfano wa hilo hauko mbali kuutafuta. Uingereza, nchi iliyoanzisha mambo haya, kikundi cha wapenzi wa reli kiliamua kujenga injini mpya kabisa ya mvuke kwa mchoro wa zamani, ikaitwa Tornado, ikakamilika 2008. Pesa walichanga wenyewe, ari walikuwa nayo. Ilipofika kwenye boila, ikabidi waende kuitengenezesha Meiningen, Ujerumani, kwa sababu kule kulikuwa na karakana ambayo haijawahi kuacha kazi ya mvuke. Uingereza iliyotengeneza maelfu ya boila na kuzipeleka dunia nzima! Kiwanda cha Gorton kilichotutengenezea 59 kilishafungwa zamani. Miaka ishirini, thelathini ya kutofanya kitu inatosha kabisa kukisahaulisha.

Kwa wanaotaka kujua kazi yenyewe ya ufufuaji ikoje, nitasema kwa kifupi. Unaivua boila nguo zake zote, lile bati la nje na blanketi la kuzuia joto, na mara nyingi ni hapo chini unakuta kutu imekaa miaka ikila. Unang'oa mabomba yote. Ndani unakuta chokaa iliyoganda, ule ukoko mweupe unaouona kwenye birika ukichemshia maji ya visima vyetu vya pwani, ila huu ni mnene na umeshika, na ukiachwa unazuia joto lisifike kwenye maji na chuma kinaungua. Unapima unene wa kila bati kwa mashine ya mawimbi ya sauti, inchi kwa inchi. Baina ya fayaboksi na ganda la nje kuna boliti mamia kwa mamia zinazoshikilia kuta mbili zisiachane, kila moja inagongwa kwa nyundo ndogo na kusikizwa, iliyovunjika ndani ina mlio wake. Ukimaliza kubadilisha vibovu, unaijaza maji pomoni na kuisukuma kwa pampu ifike presha kubwa kuliko ile ya kazi, kwa maji baridi, manake maji baridi yakipasua kitu hayaui mtu. Halafu ndio moto wa kwanza, mdogo, taratibu. Kule Uingereza hata ikipita yote hayo boila hupewa kama miaka 10 tu, kisha inavuliwa tena yote na kuanza upya.

Ni ghali, sitaficha. Flying Scotsman, injini maarufu ya 1923, ilikarabatiwa kwa muda wa miaka kumi, ikatoka 2016, na gharama ilifika pauni milioni 4.2. Nikitaja takwimu hiyo kwa rafiki zangu wa Mombasa wanacheka, wananiambia barabara za mtaani hazina lami wewe unataka gari la moshi la babu zako. Nawaelewa. Lakini kuna mfano mwingine ambao uko karibu na sisi zaidi, kwa pesa na kwa sura.

Eritrea. Mji wa Massawa uko ufukweni Bahari ya Shamu, bandari, joto, unyevu, nyumba za matumbawe, ukienda utadhani umefika Mji wa Kale. Kutoka hapo Waitaliano walijenga reli nyembamba ya milimita 950 ikapanda mpaka Asmara, zaidi ya mita 2,300 juu, kilomita kama 118 tu lakini milima mitupu. Vita ya ukombozi ikaja, njia ikafa, reli na mataruma ya chuma yakang'olewa na askari kujengea mahandaki. Walipopata uhuru, katikati ya miaka ya 90, waliamua kuijenga upya, na hawakuita kampuni kutoka nje. Waliwaita wastaafu. Wazee wa miaka sabini, wengine themanini, waliofanya kazi pale ujanani, wakarudi karakana ya Asmara, wakazifumua injini za Kiitaliano za miaka ya 30, vipuri wakavifua wenyewe, vijana wakikusanya reli kutoka mahandakini. 2003 treni ikafika Asmara tena. Hakuna nchi tajiri pale. Kulikuwa na wazee, kulikuwa na nia, na wazee waliitwa wakati bado wanaweza kushika spana.

Na Wales kuna jambo la kututia wivu. Huko ndiko wapenzi wa kujitolea walipoichukua reli ya Talyllyn 1951, ya kwanza duniani kuokolewa na watu wa kawaida. Sehemu nyingine ya Wales hiyo hiyo kuna njia iliyofungwa tangu miaka ya 30, wakaing'ang'ania mpaka 2011 treni zikapita tena kutoka Caernarfon hadi Porthmadog, kama kilomita 40, na injini zinazoivuta ni Garratt. Zilitoka Afrika! Zilifanya kazi Afrika Kusini, na baadhi yao zilijengwa Gorton, kiwanda kile kile, 1958, wakati 59 zetu bado ni mpya. Yaani ndugu wa injini zetu wako Wales wanabeba watalii kila msimu, wanapakwa mafuta, wanapigwa picha, vijana wanafundishwa juu yao. Hizi zetu mbili ziko uani Nairobi.

Lazima niwe muadilifu hapa, Nairobi wamejitahidi. Makumbusho ya reli yalifunguliwa 1971, na kama si hayo leo hatungekuwa na kitu, zingeishia vyuma chakavu zote. 5918 yenyewe mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilifufuliwa ikawaka moto, na nyingine ndogo pia, 3020 Nyaturu na 2409, ziliwahi kurudishwa kazini kwa safari za maonyesho. Kwa hivo mtu asiniambie haiwezekani Kenya. Imeshawezekana. Ni kuendeleza ndio kulikokosekana, injini ya mvuke ikikaa bila moto inaharibika kwa kasi kuliko ikitembea, kutu inaanzia ndani palipobaki unyevu, na hata fundi naye akikaa bila kazi mkono unasahau.

Haya, Mombasa. Reli ilianza kuwekwa hapa 1896, ikafika Nairobi 1899, Kisumu 1901. Karibu watu 32,000 waliletwa kutoka India kuijenga, karibu 2,500 wakafa. Mji huu ndio mlango wa yote hayo, na mtoto wa Majengo ama Likoni leo hana mahali pa kwenda kuona injini ya mvuke ikitembea. Treni ya usiku ya geji ya zamani, yaani ile reli ya mita moja, ilisimama 2017, mwaka ule ule SGR, reli mpya iliyo pana zaidi, ilipoanza, na SGR inakuteremsha Miritini. Mimi SGR naipanda na naisifu, inafika haraka na ni safi. Ila ile njia ya zamani bado ipo, mizigo hupita, na Kenya Railways wameonyesha kwamba geji ya mita moja inaweza kuamka, njia ya Nanyuki ilirudishiwa abiria 2020 baada ya kulala miaka mingi, ya Kisumu ikafuata 2021. Tanzania nao 2019 walirudisha treni ya Dar kwenda Moshi. Pumzi iko.

Ninachoomba si kikubwa. Treni moja ya mvuke, siku za wikendi na msimu wa wageni, kutoka stesheni ya zamani pale mwisho wa Haile Selassie kupanda hadi Mazeras. Si lazima Mariakani, si lazima Voi. Na si lazima ianze na 59, ile inabana reli kwa karibu tani 21 kila ekseli na inataka njia imara sana, ianze na injini nyepesi ya aina ya Nyaturu, na mabehewa ya zamani. Ukifika Mazeras uko karibu na Rabai, kuna kaya za Mijikenda, misitu yao mitakatifu, ambazo UNESCO waliziorodhesha 2008, kuna historia ya wamishenari Krapf na Rebmann, kuna kina mama wa kuuza madafu na viazi karai ambao leo watalii wanawapita kwa mabasi bila kusimama. Asubuhi mgeni yuko Fort Jesus, mchana yuko kwenye treni. Hii ni biashara, na ni biashara inayogawanyika kwa watu wengi, si hoteli moja tu.

Mafuta? Watu wa mazingira wataniuliza na wana haki. Kule Arizona, Marekani, reli ya Grand Canyon wana injini ya mvuke namba 4960 ambayo wameibadilisha, inachoma mafuta ya kupikia yaliyotumika, yanakusanywa kutoka jikoni. Bana ya mafuta mazito na bana ya mafuta ya kupikia si mbali sana. Mombasa kwa mahoteli ya ufuo na wakaangaji wetu wote, mafuta yaliyotumika hatuwezi kuyakosa.

Kuna swali lingine gumu zaidi, nalo nililiulizwa na shangazi yangu, akaniambia, mwanangu, reli ile ilijengwa kututawala, kwa nini uitake irudi? Nililifikiria sana. Ni kweli. Kwenye reli ya ukoloni Mzungu alikaa juu, udereva mwingi ukashikwa na Wahindi, Mwafrika akaachiwa ufayaman, kusafisha na kupanga mataruma. Babu alijua injini kuliko baadhi ya waliomuamuru na alilipwa sehemu ndogo ya walicholipwa. Lakini ndio hao hao wafanyakazi wa reli waliosimama na wa bandari Januari 1947 wakausimamisha mji huu mzima kwa mgomo mkubwa, mpaka serikali ikakubali kukaa na kuangalia mishahara. Treni ninayoitaka mimi ibebe hadithi hiyo. Kijana wa kuelekeza wageni awaambie nani alichota mchanga, nani alilala kwenye behewa la nyuma akingoja zamu yake huku joto la Taru linapika bati, nani alizikwa Mackinnon Road, ambako mpaka leo madereva husimama kwenye kaburi la Sayyid Baghali, mtu wa kuijenga reli, wakasoma Fatiha na kuendelea na safari. Na Makindu, hekalu la Masingasinga wa reli linalowapa chakula wasafiri wote bila kuuliza dini. Hayo si mambo ya mkoloni. Ni yetu, waliyaacha watu wetu, na injini ndio itakayowavuta watu waje kuyasikiza, manake mtoto hawezi kuvutiwa na bango la maandishi lakini akisikia honi ya mvuke mwili unamsisimka hata kabla hujamwambia kitu.

Fundi mmoja mstaafu, rafiki wa marehemu babu, bado yuko Changamwe. Macho yamepungua lakini masikio hayana tatizo. Nlimchezea video ya Garratt inapanda mlima, sauti tu, simu nimeigeuza asione. Akasikiza kidogo akaniambia valvu ya upande wa nyuma haijapangwa vizuri, pumzi moja kwenye nne inachelewa. Nikairudia, nikaisikia. Nlikuwa nimeisikiza video ile mara nyingi sana na sijawahi kuisikia pumzi ile.

Kwa hivo kabla ya bajeti, kabla ya kamati, kuna kazi ambayo haihitaji ruhusa ya mtu. Kama nyumbani kwenu kuna mzee wa reli, mkalie chini na simu yako, urekodi. Usimuulize "hebu tuelezee maisha ya zamani", utapata majibu ya juu juu. Muulize injekta, ile ya kusukuma maji kuingia kwenye boila, ikikataa kushika maji alifanyaje. Muulize alijuaje beringi inaanza kupata moto kabla haijanuka. Alipangaje kuni za kuwashia, upande gani kwanza. Mlima wa Mazeras mvua ikinyesha na reli inateleza, mchanga wa magurudumu alianza kuumwaga wapi hasa. Alimfundisha nani, na yuko wapi. Muulize kama ana daftari, ufunguo, koti, picha, usikubali vitupwe. Rekodi hizo ziweke mahali pawili ama zaidi, na ukitaka niletee nakala, mimi nazikusanya, za Kiswahili, za Kidigo, za Kikamba, za Kipunjabi, lugha yoyote, na za wanawake pia, manake walioosha ovaroli zile na kujua ratiba ya kila treni kwa milio yake walikuwa kina nyanya zetu.